Mtazamaji wa Kituo cha Tatu

Kilave alikuwa mwana wa Senzota. Senzota alikuwa mwana wa Mrutu, na Mrutu mwana wa Mashambo, yule ambaye watu wa mlimani walimkabidhi kazi ya macho kabla hawajamkabidhi mtu yeyote kazi ya upanga. Watatu hao, kila mmoja kwa zamu yake, walipanda kilima kila mwaka katika mwezi wa ukame, wakafika kileleni, wakatazama bonde, wakashuka na kusema walichokiona. Haikupata kusikika kwamba Mashambo alikosea hesabu. Haikupata kusikika kwamba Mrutu alichelewa. Senzota alipanda mwaka mmoja akiwa na homa iliyomgonganisha meno, akashushwa kutoka kituo cha chini mgongoni mwa shemeji yake, na kabla hajapewa hata maji ya kunywa alitoa hesabu akiwa amelala chali juu ya majani: nyumba kumi na sita. Watu wakaenda kufungua maji kwa siku kumi na sita. Hakuna aliyesema ngojeni kwanza mgonjwa apate nafuu, maana neno la ukoo ule lilipokelewa kama linavyopokelewa jua linapochomoza. Mtu hulipokea akaendelea na kazi zake.

Ni lazima kazi yenyewe ielezwe, kwa sababu waliozaliwa juzi hawaijui. Watu wa mlimani walikuwa na ndiva, bwawa la mawe na udongo ambamo maji ya chemchemi yalikusanywa, yakagawanywa. Upande wa pili wa kilima, chini kabisa, palikuwa na bonde lenye nyumba arobaini zilizokunywa kutoka ndiva hiyohiyo kwa mfereji uliopenya ndani ya mwamba. Kati ya watu wa juu na watu wa chini palisimama jabali lisilopandika, na njia ya kulizunguka ilikuwa mwendo wa siku tisa katika nchi isiyo na tone la maji. Kwa hiyo walikubaliana, katika zama ambazo hazikuwa na kalenda, kwamba nyumba ya bondeni iliyoishiwa maji itandike shuka nyeupe juu ya paa. Kwamba Mtazamaji azihesabu shuka hizo kutoka kileleni. Na kwamba kwa kila shuka mlango wa ndiva uachwe wazi siku moja. Mtu mwingine asipande. Wazee walihofu kwamba wakitazama wawili watashuka na hesabu mbili, na wenye mashamba ya juu watachagua iliyo ndogo. Sharti moja lilimhusu Mtazamaji mwenyewe: kuanzia Kituo cha Tatu avue viatu, kwa kuwa kutoka hapo njia ilipita juu ya makaburi ya waliochimba mfereji.

Huo ndio ukoo aliozaliwa Kilave. Asubuhi hii, akiwa na miaka themanini na mmoja, heshima ya ukoo huo ilimkaa begani kama mzigo wa mtu aliyemwomba amshikie kidogo, kisha mwenyewe asirudi.

“Tangulia, Babu,” alisema Namkunda, mjukuu wake. “Ukiteleza nikudake. Mume mwenyewe ndiye huyu mmoja niliyebakiziwa.”

“Mke anayemtanguliza mumewe anataka kumcheka kisogo.”

“Kisogo gani, na kofia imekimeza chote?”

Vijana watano waliokuwa wakiwafuata walicheka. Walikuwa wageni wa mjini, na Namkunda alikuwa kiongozi wao, mwenye fimbo mkononi na filimbi shingoni. Siku hizi ndiva imekauka na mabomba yameingia, mwiko wa kupanda umesahauliwa, na watu huja kutoka mbali kupanda kilima kwa sababu moja tu, ambayo Mashambo asingeielewa: wanataka kuona mandhari. Kwa miaka sita Namkunda alimwomba babu yake apande naye, na kwa miaka sita Kilave alikuwa na sababu. Goti. Kifua. Mvua isiyoaminika. Mwaka huu mjukuu alimwambia, “Wageni wananiuliza kama upo kweli au nimekutunga,” na neno hilo lilimchoma mzee mahali asipopatarajia, kwa kuwa hata yeye hakuwa na jibu.

Walipofika Kituo cha Kwanza, penye mawe matatu ya kukalia, Namkunda aliwakusanya wageni, akakohoa kidogo, akaanza.

“Hapa ndipo Mtazamaji alipopumzika mara ya kwanza. Aliyekaa hapa wa mwisho ni huyu mnayemwona. Alipanda miaka kumi na mmoja, na kila mwaka alishuka na neno moja tu: mapaa ni matupu. Yaani hakuna shuka hata moja. Bonde lilikuwa limetosheka. Katika Watazamaji wote, hakuna aliyewaletea watu habari njema mfululizo namna hiyo. Ndiva ilipofungwa, alivikwa vazi la heshima. Na watu wa bondeni baadaye walihama kwa hiari yao, wakafuata nchi pana zaidi.”

“Walihama wakiwa wameshiba?” aliuliza kijana mmoja mnene, Nterindwa kwa jina, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajanyamaza.

“Wakiwa wameshiba.”

“Basi hao ni wa peke yao, dada. Mimi nikishiba hata kitandani sihami.”

Wakacheka tena. Kilave hakucheka. Alikuwa akiutazama mdomo wa mjukuu wake. Alizisikia katika maneno ya Namkunda pumzi zake mwenyewe, mahali alipozoea kutulia kabla ya neno matupu, namna alivyolishusha neno hilo taratibu ili lisiulizwe. Hakumfundisha. Alikuwa amelisema tu mezani, miaka nenda miaka rudi, na mtoto akalilamba kama mtoto anavyolamba mwiko wa uji. Sasa lilikuwa ndilo chakula chake.

Na huyu alikuwa Mwalimu Mkuu Kilave. Kwa miaka thelathini alisimama mbele ya paredi ya wanafunzi kwa suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ukakata upepo. Kwa kuchelewa, viboko viwili. Kwa kusema uongo, vinne. Hakubagua mtoto wa mtu na mtoto wake. Wazazi walimsifu kwa hilo. Walisema kwa mwalimu yule hata mawazo huja yamenyooka. Yeye aliupokea kila mwaka mpya wa sifa hizo kama mgonjwa anavyopokea wageni, akiomba waondoke upesi kabla hawajavuta shuka.

Kilima kile si kirefu. Mtu mwenye afya hukipanda kwa saa tatu, na mtoto anaweza kukishuka akiimba. Lakini kina tabia ambayo viongozi wa wageni hawaitaji: kinapanda kuelekea juu na papo hapo kinapanda kuelekea nyuma. Walipokiacha Kituo cha Pili, Kilave alihisi miaka ikimdondoka kama majani yanavyodondoka kwenye bega la anayepita msituni, bila kelele, moja hapa, tatu pale. Mkono ulioshika mkongojo ulikuwa umepoteza mishipa yake. Goti la kushoto, ambalo kwa miaka ishirini lilimtabiria mvua, lilinyamaza. Alipopitisha ulimi alikuta jino lililong’olewa mwaka ule wa njaa limerudi mahali pake, gumu, lisilojua lolote. Wenzake hawakuona kitu. Kwao alikuwa bado mzee mwenye kofia. Na yeye alijiuliza, kwa kuwa njia ile huwalazimisha watu kujiuliza, mtu ni yupi: ni yule aliyetenda jambo siku moja kwenye tope, au ni yule anayesimuliwa baadaye na watu wanaompenda? Kama ni yule anayesimuliwa, basi yeye ni mtu mwema, tena mkubwa, na anaweza kufa kesho bila wasiwasi. Kama ni yule aliyetenda, basi huyu anayesimuliwa amekaa miaka yote katika nyumba isiyo yake, amelala kwenye kitanda kisicho chake, ameitikia shikamoo zisizo zake. Na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua? Watu wa mlimani walimpa mtu mmoja uwezo wa kuona kwa niaba ya wote, wakaweka kila ulinzi dhidi ya macho mawili yanayopingana. Hawakuweka ulinzi wowote dhidi ya macho yasiyokwenda.

Nilipanda. Hapana. Nilitoka nyumbani nikiwa napanda, alijiungamia moyoni. Nilifika mahali. Mahali gani? Mahali ambapo mtu akirudi haulizwi. Nilitazama. Nilitazama nini? Vidole vyangu. Mchwa. Jua. Nilisubiri muda wa mtu anayetazama upite. Hilo si kutazama. Hapana, si kutazama. Basi sema. Mbele ya mtoto? Mbele ya nani mwingine aliyebaki?

Katika Kituo cha Tatu palikuwa na jiwe pana kama kitanda, na juu ya jiwe alikaa kijana. Alivaa koti jeusi na shati jeupe lililofungwa kifungo cha juu kabisa. Viatu vyake vya rangi ya kahawia vilikuwa vipya mpaka vikatoa harufu ya ngozi. Mbele yake njia iligeuka tope jekundu, zito, na yeye alikuwa amekunja miguu juu ya jiwe ili tope lisimfikie.

“Habari za hapa, kaka,” alisema Namkunda. “Umepumzika au umepotea?”

“Nasubiri jua lielemee upande.”

“Likielemea?”

“Nishuke.”

“Hujafika juu na unawaza kushuka?”

Kijana alikitazama kiatu chake. “Kuna tope.”

“Si uvue?”

“Nimesoma miaka kumi na miwili, dada. Nina cheti. Sitapanda pekupeku kama mchunga mbuzi.”

“Kumbe viatu vimekuajiri,” alisema Namkunda. “Basi vitumikie hapohapo. Bonde tutakusalimia sisi.” Kisha akamgeukia babu yake. “Pumzika na bwana harusi huyu, Babu. Niwafikishe hawa, nirudi kukuchukua. Ni hapo juu tu, ukiita nasikia.”

Wakapita, wakiruka tope kwa vicheko, na sauti ya Nterindwa ikasikika kwa mbali ikiuliza kama kuna mtu aliyebeba mayai ya kuchemsha.

Kilave alibaki amesimama. Alilijua koti lile. Lilishonwa kwa ajili ya harusi yake. Alilijua kovu dogo chini ya kidevu, la siku alipoanguka na chungu cha mama. Aliyekaa juu ya jiwe alikuwa yeye mwenyewe, mwenye miaka ishirini na minne, mwaka wake wa kwanza katika kazi ya macho, ule ambao mvua moja ya ghafla ililowesha njia katikati ya ukame.

“Shikamoo, mzee,” alisema kijana bila kuinuka.

Katika maisha yake yote Kilave hakupata kuacha shikamoo bila jibu. Sasa aliiacha. Hakujua ni nani kati yao aliyekuwa na haki ya kuipokea.

“Panda,” alisema.

“Mwakani.”

“Mwakani hutapanda.”

“Unanijua wewe?”

“Mwakani utafika hapa na viatu vilivyochakaa, na tope halitakuwapo, na bado utakaa juu ya jiwe hilo. Utaogopa kuona ulichokiacha mwaka huu. Mwaka wa tatu utaogopa miaka miwili. Hutakuwa tena na shida ya viatu.”

Kijana alitoa leso mfukoni, akapangusa ncha ya kiatu polepole. “Baba alileta hesabu ndogo,” alisema. “Sita. Nane. Mara moja tu kumi na sita. Wale watu hawana shida kubwa. Nikisema mapaa ni matupu, nimewapunja siku sita za maji. Nani anakufa kwa siku sita?”

“Shuka ukaseme hukufika.”

“Nikaseme mbele ya nani? Mbele ya watu waliojipanga njiani na vigelegele nilipokuja na cheti? Niwaambie msomi wenu ameshindwa na tope?”

“Mbele ya haohao.”

“Wewe ulisema?”

Kilave alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi. Alikuwa mtu wa maneno, mtu wa hotuba za kufunga shule. Akageuka, akalitazama tope.

“Basi,” alisema kijana kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi, “usinitume mahali ambapo hukwenda.”

Jua lilikuwa limeelemea. Kijana akasimama, akajinyoosha koti, akaanza kushuka, akichagua kwa uangalifu mahali pakavu pa kukanyaga. Kilave alimsikia akilijaribu neno kama mwimbaji anavyojaribu sauti kabla ya kuingia kanisani. Mapaa ni matupu. Kisha mara ya pili, akitulia kabla ya neno la mwisho. Mapaa ni, matupu. Na Kilave hakuhitaji kumfuata ili kujua yanayomngoja. Kwenye mlango wa ndiva walisimama watu wenye maharage yaliyoanza kunyauka. Wangelisikia neno lile, na nyuso zao zingefunguka, na mmoja angesema hakika mtoto wa Senzota ana macho ya baraka, na maji yote yangebaki juu. Hakuna ambaye angeuliza uliona nini kingine. Hakuna ambaye angeuliza mbona miguu yako ni mikavu. Alikuwa amejiandaa kwa maswali yale, siku ile. Alikuwa na majibu tayari. Kutoulizwa ndiko kulikomfunga maisha.

Akainama. Kamba za viatu zilimchukua muda, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekwishakuwa ya mzee tena. Akavua kimoja, akavua cha pili, akavipanga juu ya jiwe, akaingia kwenye tope. Lilikuwa baridi, nalo lilikubali mguu wake bila kumuuliza yeye ni nani.

Namkunda alimkuta katikati ya njia.

“Viatu viko wapi, Babu?”

“Nimeviacha.”

“Umempa yule bwana harusi? Ana vyake.”

“Ameshashuka.”

“Kwa nini unapanda hivyo? Kuna mawe yenye ncha.”

“Kuna watu humu,” alisema Kilave akionesha ardhi. Namkunda alidhani babu yake anafanya mzaha wa kizee, akamshika kiwiko, nao wakapanda mpaka mbingu ilipoanza kuwa chini ya macho yao.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Kilave kwamba bonde lilikuwa zuri. Baba yake alileta idadi tu. Uzuri haukuwa sehemu ya kazi. Kwa hiyo alipofika kileleni na ukungu ukajiondoa kama pazia linalovutwa na mikono ya heshima, alipigwa na jambo asilokuwa amejikinga nalo. Bonde lote lilikuwa kijani, kijani cha namna nyingi, cha majani machanga na cha kivuli cha mawingu yaliyokuwa yakitembea polepole juu ya nyasi. Mto mwembamba wa mvua, usiokuwapo wakati wa ukame, ulipinda mara nne ukipeleka mwanga kutoka upande mmoja wa dunia kwenda mwingine. Ndege wakubwa walielea chini ya miguu yao, migongo yao ikionekana. Ng’ambo milima ilirudi nyuma, bluu nyuma ya bluu, mpaka isiwezekane kusema mlima umeishia wapi. Hata Nterindwa, aliyekuwa na yai mkononi, alilisahau.

“Mungu alipofika hapa,” alisema hatimaye, “hakuwa na haraka.”

Vijana wakatoa simu, wakaanza kupiga picha.

“Na zile pale,” alisema Namkunda kwa sauti yake ya kazi, “ndizo tunazoziita Shanga za Bonde. Wengi huja kwa ajili ya hizo. Tazameni kwenye mteremko ule wa nyasi, upande unaotukabili. Mistari kumi ya mawe meupe. Inaaminika wenyeji wa zamani walipenda kuipamba nchi yao.”

Kilave alitazama.

Utotoni baba yake alimfundisha kuhesabu kwa maharage juu ya mkeka: kutoka kulia kwenda kushoto, midomo imefungwa, bila kunyoosha kidole, na usirudie, kwa maana anayerudia amekwishaanza kujadiliana na anachokiona. Hakuwa ametumia elimu hiyo tangu siku za mkeka ule. Ilimjia yenyewe. Mstari wa kwanza, mawe ishirini na saba. Wa pili, arobaini. Nyumba zote. Wa tatu, arobaini, lakini mawe yalikuwa makubwa zaidi. Wa nne, arobaini, makubwa mara mbili, mawe ya kubebwa na wanaume wanne kwa miti. Wa tano, thelathini na tisa. Kisha thelathini na moja. Kisha ishirini. Kisha kumi na mawili. Kisha matano. Na mstari wa kumi ulikuwa na mawe mawili tu, madogo, ya kiasi ambacho mwanamke mzee angeweza kukumbatia kifuani, nayo yalikuwa yamesogezwa karibu kabisa, chini ya jabali, kana kwamba aliyeyaweka alihisi tatizo lilikuwa umbali.

Mistari kumi. Ule wa mwaka wa kwanza aliujua uliko. Ulikuwa wa shuka, na shuka zimeoza.

Akasimama pale, na aibu haikumjia kama moto, kama alivyokuwa akiitarajia kwa miaka yote. Ilimjia kama hesabu iliyokubali. Watu wa bondeni walidhani haoni vizuri. Hilo ndilo lililoandikwa mle bondeni. Miaka kumi na mmoja hawakuwaza hata mara moja kwamba Mtazamaji hayupo. Nguo haikuonekana, wakaweka mawe. Mawe hayakuonekana, wakaongeza mawe. Wakatafuta makubwa zaidi, kwa migongo yenye kiu, ili kumsaidia mtu mwema mwenye macho dhaifu. Walimrekebishia kila kitu isipokuwa imani yao kwake.

“Namkunda.”

“Naam, Babu.”

“Sijawahi kufika hapa.”

“Miaka mingi imepita, ndiyo. Pamebadilika.”

“Sijawahi kufika. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Niliishia kwenye jiwe lile, mwaka wa kwanza kwa sababu ya viatu, na miaka kumi iliyofuata kwa sababu ya mwaka wa kwanza.”

Namkunda alicheka kidogo, akangoja naye acheke, akaacha. “Babu, umechoka. Kaa nikupe maji.”

Neno maji lilimfanya afumbe macho. “Mawe yale ni nyumba,” alisema. “Kila moja ni nyumba inayoomba maji siku moja.”

“Wageni wanasikia,” alinong’ona.

“Ndiyo maana sinong’oni.”

Walikuwa wanasikia. Nterindwa alishusha simu. Mmoja wa wasichana, ambaye alikuwa amejipanga apigwe picha na mteremko ule nyuma yake, alisogea pembeni taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba amesimama juu ya mkeka wa matanga.

“Miaka sita,” alisema Namkunda. “Miaka sita, Babu, nimesimama kwenye yale mawe ya chini nikikujivunia.”

“Nimekusikia leo. Umelisimulia vizuri kunishinda.”

“Ulimchapa baba kwa kusema ametoka shambani na hakwenda. Alinionesha alama mguuni. Alinionesha kwa fahari; alisema hii ndiyo iliyoninyoosha.”

“Vinne,” alisema Kilave. “Nilivihesabu.”

Kivuli cha wingu kiliivuka mistari ya mawe, kikaiacha ikiwa nyeupe zaidi.

“Lakini pengine walihama kweli,” alisema Namkunda, na sasa sauti yake ya kazi ilikuwa imekwisha. Alikuwa mtoto anayemwomba babu yake kitu. “Siku tisa si nyingi. Pengine wapo mahali. Pengine wana wajukuu.”

“Pengine.”

“Basi husemi kwamba walikufa.”

“Sisemi. Sijui. Na hilo ndilo ninaloungama, mjukuu wangu: sijui, nami kazi yangu ilikuwa kujua.”

Namkunda akakaa chini, akalipa bonde mgongo. Akavua filimbi shingoni, akaizungusha vidoleni bila kuitazama. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa makavu, na Kilave aliona ndani yake uso wa Senzota, na akatamani upofu.

“Kesho saa mbili nina wageni wengine,” alisema. “Wameshanipigia. Wanataka kuona Shanga. Niwaambie nini?”

Hapo Kilave akasimama wima. Hakuna aliyemsaidia. Alisimama kama alivyosimama mbele ya paredi kwa miaka thelathini, isipokuwa hakuwa na viatu, na tope lilikuwa limemkaukia mpaka kwenye magoti, na kwa mara ya kwanza alisimama hivyo bila kujificha nyuma ya kusimama kwenyewe.

“Wekeni simu chini,” alisema. “Wote. Wewe mwenye yai, nawe. Njooni hapa ukingoni. Namkunda, inuka. Mtayahesabu mawe yale kwa sauti, moja moja, kutoka kulia kwenda kushoto, na sitaki kusikia mtu akisema kama thelathini hivi, au arobaini na kidogo. Mkimaliza jiwe la mwisho, lile dogo, mtanigeukia mimi, mnitazame usoni kwa muda uleule mlioutazama huo uzuri. Atakayeona aibu kunitazama asiiname. Aibu ni yangu, na sijamwomba mtu anisaidie kuibeba. Ninyi kazi yenu ni kutazama mpaka mjue uso wa mtu wa namna yangu ukoje, ili siku mtakapokutana nao, hata kama ni kwenye kioo chenu, msiupigie vigelegele. Nisikilizeni vizuri, maana sitasema mara ya pili. Namkunda, anza. Wengine mfuateni.”